Sala Niliyomfundisha Bi Tabia

Vumbi la karafuu halina haraka. Liliingia nawe mlangoni kila jioni, Kurwa, limekukaa shingoni, limekukaa kwenye nyusi, na jua la magharibi likiligusa lilikuwa jekundu. Nilikufuta kwa kitambaa kibichi, nikicheka, nikikwambia ghala zima umelihamishia Ng'ambo. Ilikuwa miaka michache baada ya mgomo wa makuli. Wewe ulikuwa mchukuzi bandarini, pale Malindi mjini, mimi nilikuwa mke wako wa pili, na nilikupenda. Nalisema hilo mapema, nisije nikalionea haya mbele ya safari.

Mimi ndiye niliyekuleta kanisani. Nani mwingine? Wewe Jumapili ulilala mpaka jua likakuchoma miguu. Mimi ndiye niliyevuka Darajani peke yangu, nikakaa benchi la nyuma na wanaojifunza, nikarudi na maneno mapya mdomoni. Nilikuimbia nikikuna nazi. Nilikuhadithia habari za Yesu nikichagua mchele. Ukaanza kwa kunitania, ukiniita Bibi Padri. Kisha ukawa unauliza. Kisha siku moja ukavaa kanzu safi ukanifuata. Nilitembea mbele yako kichwa kimenivimba kwa furaha, maana nilidhani tunakwenda wawili.

Hatukuwa tunakwenda wawili. Padri, mtu mpole, alitueleza bila kupandisha sauti. Mfuasi wa Kristo ana mke mmoja, na mke huyo ni wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Bi Tabia, uliyemwoa kabla hujanijua, ambaye siku hizo hakuwa na haja na kanisa wala kengele yake. Aliyeutamani ubatizo ni mimi. Aliyebaki nyumbani kwako ni yeye.

Ulilia, Kurwa, nakupa haki yako. Ulilia, kisha ukatii. Na mimi nikatii, maana Bwana niliyekuhubiria hakuwa wa mchezo, na sikuweza kumgeuka kwa sababu tu zamu ya kuumia imeniangukia mimi. Nikabeba sanduku langu mpaka Kikwajuni kwa shangazi. Tukabatizwa siku moja, wewe na mimi, kwa maji ya chombo kimoja, tukiwa sasa watu baki. Wewe ukaitwa Filipo, mimi Perpetua. Watu wakapiga vigelegele.

Tulifundishwa kwamba kumfuata Bwana ni kubeba msalaba. Sawa, nimekubali. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba msalaba wako, Kurwa, ndio utakaokaa mgongoni kwangu, na wewe utembee mikono mitupu, ukisifiwa. Kila Jumapili nakuona unarudi kutoka mezani pa Bwana, macho chini, na wazee wanakutaja kuwa mfano: mtazameni Filipo, aliacha vyote. Vyote! Hivyo vyote ni mimi. Nimekaa benchi la nne, nawasikia.

Sasa Bi Tabia naye ameamka. Anataka kusoma, anataka kubatizwa, anataka ndoa yenu ibarikiwe mbele za watu. Padri akaniita.

"Perpetua, mwanangu, hapana mwanamke aliyeyashika mafundisho kama wewe, na huko Ng'ambo mu majirani. Utamfundisha?"

Niliangalia viatu vyake. Nikikataa, namkatalia Yule niliyemwahidi kila kitu. Nikikubali, namshika mkono mke aliyebaki, namwingiza kanisani, na mlango wa nyumba yako naufunga kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa nje. Roho iliniuma mpaka nikaona kiu. Nikajikaza kisabuni, nikasema, "Ndiyo, Baba."

Basi anakuja, barazani kwa shangazi, baada ya alasiri. Namwambia, "Shikamoo, Bi Tabia," anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Si mwanamke mbaya. Ingekuwa nafuu angekuwa mbaya. Huniletea ndizi mbivu kutoka shamba la kaka yake, huuliza miguu ya shangazi inaendeleaje, na kanga zake zinanukia karafuu. Najua harufu hiyo zimeipata kwa nani. Namfundisha hivyo hivyo.

Jana tulifika pale kwenye sala penye kuomba tusamehewe kama sisi tunavyosamehe. Akasema nusu, akachezea pindo la kanga.

"Perpetua, nnakuuliza. Sisi ushatusamehe?"

"Bado, Bi Tabia."

"Na sala hii unaisali kila siku?"

"Kila siku."

Akanitazama sana. "Si unajiombea mabaya basi, mwanangu?"

Ndiyo. Najiombea mabaya asubuhi na jioni, nimepiga magoti, kwa sauti. Namwomba Mungu anitendee kama ninavyokutendea wewe moyoni mwangu, Kurwa, na moyoni mwangu nimekutendea makubwa. Ningeweza kuyaruka maneno hayo. Ningeweza kubaki kitandani Jumapili, kama wewe zamani. Lakini nilisema nitamfuata. Sikusema nitamfuata nikishapoa.

"Tuanze tena," nikamwambia.

Nikayasema yote, pamoja na yale yanayonihukumu, na yeye akayafuata nyuma yangu, polepole, mpaka Amina. Kisha nikamwambia kesho asichelewe, maana hajaiva bado, na siku ya ndoa yenu imekaribia.