Printa na Wageni wa Mama

Asubuhi ya harusi ya mdogo wangu Evodia niliamka nikicheka peke yangu. Baridi ya Julai ilikuwa inauma kama kawaida yake hapa Sumbawanga na upepo ulikuwa unatikisa bati za nyumba yetu ya Izia, lakini mimi moyo ulikuwa unachemka. Nilikuwa na jambo la siri kwenye kompyuta, na siku yake ya kutoka ilikuwa imefika.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Evodia alikuwa anaolewa na Bundala, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Bonde la Rukwa na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Kijana hana neno. Shida ilikuwa mama yake. Siku ya utambulisho alikaa sebuleni kwetu mwanzo mpaka mwisho bila kutamka zaidi ya salamu, na alipofika kwake akamwambia mwanawe, "Kanisani kwao nitakwenda, lakini nitakaa kama gunia. Wao wataimba Kifipa chao, mimi nitatazama dari." Maneno yakamfikia Evodia, naye akaja kwangu analia.

"Dada Jovina, sitaki tuanze naye akiwa amenuna. Nataka siku ile aimbe."

Nikamwambia niachie mimi. Nilimpigia Bundala simu akaniimbia wimbo wa shukrani ambao mama yake huuimba kwa Kisukuma kila wanapovuna. Nikauandika neno kwa neno, nikauweka kwenye kikaratasi cha misa katikati ya nyimbo zetu. Upande wetu wote, kwaya na wageni, tungeuimba kwa kusoma, na Mama Bundala asijue mpaka ausikie. Sauti kwaya walishaishika. Maneno ndiyo yaliwashinda, na bila karatasi mkononi hakuna ambaye angefika mstari wa pili. Kuwatumia kwenye simu ilikuwa haiwezekani, maana paroko wetu akiona simu kanisani anasimamisha misa mpaka mwenyewe ajitoe.

Karatasi, basi. Na kwa nini niende kupanga foleni kwenye duka la kuchapisha kule Majengo wakati printa ninayo ndani? Nilikuwa nimenunua ile isiyohitaji waya, na waya uliokuja nayo niliutupa pamoja na boksi, nikijiona mtu wa kisasa. Nikabonyeza kuchapa, nikakunja mikono, nikasubiri.

Kimya. Kompyuta ikaandika kwamba printa haipatikani. Haipatikani vipi, na iko hapa mbele ya magoti yangu?

Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa karatasi, nikazirudisha. Nikaifuta kwenye kompyuta nikaiingiza upya kama mgeni anayejitambulisha mara ya pili. Taa yake ya mtandao ilikuwa inapepesa tu, haitulii. Nikaenda sebuleni ilikokaa ruta, kile kisanduku cha mtandao, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, maana kwa mama hakuna kifaa kinachokaa uchi. Nikakivua kile kitambaa. Nikaisogeza ruta dirishani. Nikaibeba printa, kompyuta kwapani, mpaka sebuleni nikaiweka hatua chache kutoka hapo. Taa ikaendelea kupepesa. Nikampigia mwenye duka lile la Majengo, akaniambia umeme kwao umekatika tangu alfajiri. Hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka, kwenye baridi ile.

Nyumba ilikuwa imejaa. Ndugu wa marehemu baba walikuwa wamefika jana yake kutoka Kirando, ziwani, na mama aliwapokea kwa utaratibu wake: maji ya moto ya kunawa, chakula, blanketi, halafu paswedi ya mtandao. Ameiandika "karibusana" na anaitaja kwa sauti kama anayetangaza. Kila kona ilikuwa na mtu na simu yake.

Mara baba mdogo Oswaldi akatoka kwenda kuzungumza na jirani kule barabarani, simu mfukoni. Haikupita muda taa ya printa ikatulia. Karatasi ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Nikapiga kigelegele peke yangu katikati ya sebule, wageni wakacheka. Baba mdogo akarudi, akakaa kwenye kochi, akatoa simu. Baada ya kitambo kidogo, printa ikakata roho.

Shangazi Fransiska alikuwa anamenya vitunguu mlangoni. Akaiangalia printa, akamwangalia Oswaldi, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hapa tumechezewa."

"Shangazi, nakuomba," nilisema. "Watu wa Dar wakisikia Sumbawanga tu wanawaza uchawi, wanashika hirizi. Na nyie wenyewe mnawasaidia."

"Mimi nasema ninachokiona. Akitoka inachapa, akiingia inanyamaza."

Nilikasirika, lakini neno lake lilinikaa. Akitoka inachapa. Nikageuka kwenda kuitazama ruta, nikamkuta mama dirishani, ameshika plagi yake mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Baba yako mdogo mtandao umemkataa. Nimezima, nawasha. Fundi ndivyo alivyonifundisha."

"Umefanya hivyo mara ngapi leo?"

"Kila mgeni akilalamika. Kwani nimwache akae hivihivi?"

Hapo nikamkumbuka huyo fundi na maneno ambayo siku aliyotufungia mtandao niliyachukulia kama porojo: hii ruta ni ndogo, dada, inabeba vifaa kumi, cha kumi na moja kitakaa nje. Nikaona mchezo mzima. Baba mdogo akitoka, nafasi moja inabaki wazi, printa inaingia. Akirudi anakuta pamejaa, analalamika, na mama kwa ukarimu wake anawatoa wote na kuwaingiza upya. Simu za wageni ni nyepesi, zinarukia ndani papo hapo. Printa yangu ni nzito kuamka, inafika mlango umeshafungwa. Hakukuwa na mchawi. Kulikuwa na mama yangu, Justina, na mkono wake mwema.

Nilifurahi karibu nimkumbatie. "Rahisi basi. Tuwaambie watoke kwenye mtandao, wawili watatu tu, nichape."

Mama akaniangalia kama nimetukana. "Nani awaambie? Shemeji yangu ametoka ziwani na kapu la samaki, migebuka mitupu, kwa ajili ya shughuli yetu, mimi nimwambie atoke?"

"Kwenye mtandao, mama. Si kwenye nyumba."

"Nimempa kwa mkono wangu, nimnyang'anye kwa mkono huohuo? Halafu arudi Kirando akasimulie? Hapana."

"Basi nitabadili paswedi kimyakimya."

"Jovina, usinitie aibu."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. "Sawa. Basi Mama Bundala akae kama gunia, atazame dari, na Evodia aende kuanza nyumba na mkwe aliyenuna. Ila wageni wako waangalie video."

Mama aliitazama printa, akatazama mlango wa chumba ambamo Evodia alikuwa anasukwa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo kazi yako inataka muda gani?"

"Nusu saa. Pengine na zaidi kidogo."

Akajifuta mikono kwa khanga, akaenda ukutani, akaitoa rozari kwenye msumari.

"Ndugu zangu," akasema, "binti hatoki nyumba hii bila kusaliwa. Na sheria ya hapa mnaijua. Kwenye sala simu haziwekwi kimya. Zinazimwa."

Hakuna aliyebisha. Baba mdogo alizima ya kwake, shangazi akazima, zikazimwa chumba kwa chumba, mama amesimama anasubiri mpaka ya mwisho. Mimi nilipiga magoti kando ya printa. Alipofanya ishara ya msalaba, taa ikatulia. Nikabonyeza.

Sijawahi kusali rozari kwa raha namna ile. Wao wanasema "Salamu Maria", printa inajibu krr, krr, mimi napokea karatasi na kuitikia kwa sauti kubwa nisisikike najicheka. Fungu la kwanza, la pili, la tatu. Tulipomaliza fungu la tano mama akanitupia jicho. Nikatikisa kichwa. Akaanza litania. Litania ikaisha, nikatikisa kichwa tena. Akawaombea marehemu, mmoja mmoja kwa jina, akaanzia kwa baba akapanda mpaka kwa watu ambao hata yeye hakuwahi kuwaona. Baba mdogo alikuwa anabadilisha goti. Mama akawaombea wavuvi, akawaombea wakulima wa Mollo, na alipofika kwa wenye ng'ombe na ng'ombe wenyewe, karatasi ya mwisho ikatoka.

"Amina," nikasema, yeye akiwa katikati ya sentensi.

Nilipowaeleza wageni kilichotokea walicheka mpaka shangazi akaweka kisu chini. Halafu wote wakakaa wakakunja karatasi, mikono mingi, dakika chache.

Kanisani Mama Bundala alikaa mstari wa mbele, karibu na mama, kitenge kipya, uso umefungwa. Alitazama dari kama alivyoahidi. Baada ya komunyo kinanda kikaanza sauti ile, nasi tukafungua karatasi. Tulianza vizuri. Mstari wa pili tukauvunja miguu, na wa tatu baba mdogo Oswaldi aliutamka kwa namna ambayo nadhani haipo katika lugha yoyote.

Macho ya Mama Bundala yalishuka kutoka darini. Akatutazama mstari mmoja baada ya mwingine, watu wa ziwani na wa mjini, wote tumeinamia karatasi tunahangaika na maneno yake. Akamwinamia mama.

"Mnakosea," akasema.

Kisha akasimama, akaushika ule wimbo kwa sauti nene ambayo hakuna aliyejua anayo, nasi tukamfuata nyuma. Evodia alilia mpaka Bundala akampa leso yake. Mimi pia nililia, sioni haya.

Kabla ya kwenda ukumbini Mama Bundala alisema anataka kwanza aone nyumba ya watu walioua wimbo wake. Mama akampa maji ya moto ya kunawa, akampa kiti, akamtajia paswedi. Mama Bundala alitaka kuipiga picha ile karatasi awatumie dada zake kule Shinyanga. Akabonyeza, akasubiri, akakunja uso.

"Inanikataa," akasema.

Mkono wa mama ulishaanza kwenda kwenye plagi. Lakini baba mdogo Oswaldi alikuwa ameshatoa simu yake mfukoni, akaizima mbele ya wote, akairudisha.

"Jaribu sasa, mkwe," akasema. "Nimekupisha."