Vernon Alikuja na Maswali

Vernon Haugen hakuwa amekanyaga kwangu tangu mbwa wake ale kuku wangu, kwa hiyo nilipomwona mlangoni akivua buti, nilishtuka. Nilikuwa nimewaalika majirani wote waje kwa kahawa tuzungumzie kodi mpya ya kuiokoa shule. Kura ya kuipitisha ilikuwa Jumanne. Ikishindwa, shule ya mji wetu inafungwa, na mjukuu wangu Britta, mtoto wa miaka sita, atakuwa anapanda basi gizani, katika baridi ya Minnesota, kwenda kusoma mji mwingine.

Nilijua kilichomleta. Hakuna mwenye mashamba mengi kumzidi, na kodi hiyo ingemuuma yeye kwanza. Alikuja kunusanusa.

Wengine walikuwa na adabu zao. Walikataa keki mara mbili, wakaipokea mara ya tatu, kama desturi yetu inavyotaka. Mwalimu mkuu wa shule, ambaye nilimwalika pia, alipomaliza kueleza jinsi kodi ingelipia mishahara na paa jipya la shule, jirani yangu Arlys akasema, "Kwa kweli ni jambo la kufikiriwa." Wengine wakaitikia, "Si baya." Roho yangu ikatulia.

Vernon akakohoa. "Hilo paa, si mlilitengeneza juzi tu? Fundi alikuwa nani?"

"Vernon, kama umekuja kutuharibia kahawa, sema."

"Nauliza tu, Solveig. Wenzangu wakiniuliza niwaambie nini?"

"Wenzako ndio waliokutuma?"

Kila mtu akainamia kikombe chake. Vernon akaweka sahani chini, akashukuru kwa kahawa, akaenda kuvaa buti zake. Sikumsindikiza. Arlys akaninong'oneza, "Afadhali."

Jumanne tulishindwa vibaya. Kesho yake nikamkuta Vernon kwenye ghala la nafaka, nikamvaa hapo hapo.

"Umefurahi sasa?"

"Mimi nilipiga kura ya ndiyo."

"Usinichezee. Waliokuwa kwangu wote walikuwa upande wetu."

"Nani, Arlys? Wewe umezaliwa hapa, Solveig. Lini umemsikia mtu wa hapa akikwambia hapana usoni?"

Alikuwa anasema kweli, na mimi mwenyewe huwa nasema "ni jambo la kufikiriwa" nikitaka kukataa.

"Wakulima wenzangu walikuwa wananisubiri hapa jioni ile ya kahawa yako, wasikie kama waikubali kodi," akasema. "Nikawaambia majibu sikuyapata."

Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kumwuliza bei ya mahindi. Mwezi wa Juni shule ilipofungwa na tukahamisha madawati, Vernon ndiye aliyeleta lori.