Mashine ya Wageni

Usiku wa jana niliota nimefika maktaba ya chuo, na mlango ukanisimamisha. Asubuhi nina mtihani wa sheria, na sura ya nne sijaisikia. Nasema sijaisikia kwa sababu sioni. Kitabu kikinyamaza, sina changu.

"Mizigo yote inaachwa hapa," mlango unasema.

Natoa begi. Unataka na fimbo. Natoa fimbo. Unataka uchovu pia, maana nao naubeba. Nikajaribu kuuvua, ukagoma. Mlango ukaguna, ukanipitisha nao.

Ndani ni sebuleni kwa shangazi. Napapasa kabati: glasi za wageni, sahani za wageni, na katikati mashine ya kusoma vitabu kwa sauti, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hata nailoni yake haijabanduliwa.

"Nisomee sura ya nne," naiambia.

"Mimi ni ya wageni. Nikisomea wenyeji nitachakaa."

"Kuna mgeni amewahi kuja?"

"Walikuja walionileta. Wakapiga picha, wakala sambusa, wakaondoka."

Bi Mwanakheri, mkutubi wetu, anaingia. Ni mama mwema, na wema wake umenichosha.

"Mwanangu, hiyo ikiharibika tutamwambia nini mkuu?"

"Basi nipokeeni kama mgeni."

Akaniketisha kitini. Nikaletewa soda, nikavishwa shada, ikaanza hotuba ya kunikaribisha. Rafu ya historia ikasimama kutoa neno la shukrani, ikawa haimalizi. Jamani, sura ya nne, nikaomba. Wakasema ratiba ni ratiba. Mwishowe mashine ikakohoa, ikaanza kusoma, na rafu zote zikaipigia makofi mpaka mwisho. Sikuambulia hata neno. Nililia, sioni aibu kusema.

Nikaamka koo limekauka. Lugendo, ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa ameketi kitandani kwake, anapiga miayo kwa hasira.

"Wewe bwana! Usiku kucha unasoma usingizini kwa sauti kama tangazo la stendi. Sura ya nne nzima, na vifungu vyake! Mimi nasoma uhandisi, nitavipeleka wapi?"

"Sura inasemaje?"

"Eti mahakama haipokei maneno ambayo shahidi kasimuliwa na mtu mwingine."

Nikavuta kiti karibu na kitanda chake.

"Mimi nayapokea," nikamwambia. "Anza mwanzo."