Isale la Bwana Visiwani

Mjerumani aliyeletwa kututawala mwaka ule tulimwita Bwana Visiwani, maana kila alipofungua mdomo alianza na visiwa vyake. Kabla ya kuja Arusha alikuwa ametawala kisiwa kidogo katikati ya bahari kuu, mbali kuliko India, kisiwa ambacho mtu anakizunguka kwa miguu na kurudi kwake chakula hakijapoa. Huko, alisema kupitia mkalimani wake wa Pangani, watu walifagia barabara kila asubuhi mbele ya nyumba zao, walipanda minazi kwa mstari, na mkaidi alipakiwa melini akapelekwa kisiwa kingine, asionekane tena. Alituhadithia haya kwa hamu, kama mtu anayesifu upishi wa mama yake.

Mlima Meru ulimuudhi. Ukimfukuza mtu, yeye anapanda tu. Migomba inaisha, msitu unaanza, ukungu unamfunika. Basi kazi aliyofanyiwa na bahari kule, hapa aliitafutia kiboko. Wanawake walifagia barabara na kupeleka majani ya farasi wake bomani; wanaume walivunja mawe. Aliyechelewa alilazwa kifudifudi akala hamsa-ishirini, viboko ishirini na tano, na aliyelia alianziwa upya. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Huyu wetu alituponya migongo.

Barabara mpya ya kutoka bomani kuja kwetu Nkoaranga aliitaka inyooke. Alivuta kamba, na kamba ikapita katikati ya kihamba, shamba la migomba la mwenzetu Sumari, juu ya kaburi la baba yake. Kaburi lilizungushiwa masale, na isale kwetu si ua la kupendezesha. Ndilo mpaka wa shamba, ndilo alama ya kaburi. Hata ukiwa umemwaga damu, ukimpelekea jani lake yule uliyemkosea, hana ruhusa ya kukataa. Atasamehe hata kama nyongo inampanda. Akikataa, au wewe uliyelitoa ukamgeuka, ardhi yenyewe itamdai aliyelivunja.

Nyapara wa barabara akayafyeka masale yale. Sumari alimwomba aache. Nyapara akacheka, akakanyaga kaburi, akaendelea kufyeka. Sumari alikuwa mtu mpole, mtu wa kuongea na ng'ombe wake akiwanywesha. Lakini panga liliposhuka, mkono wa nyapara ulibaki kwenye majani peke yake, na mwenyewe akafa kabla jua halijazama. Sumari akaingia msituni.

Bwana Visiwani alichoma nyumba zote za ukoo ule. Askari waliwapiga risasi ng'ombe ndani ya zizi, kisha wakamlaza Nalepo, mke wa Sumari, mbele ya moto wa nyumba yake mwenyewe, wakamchapa mpaka nguo ikagandana na mgongo. Hakusema mumewe yuko wapi. Na alijua, kwani ndiye aliyekuwa akimpelekea ndizi za kuchoma. Nalepo alitaka kitu kimoja tu duniani, mtu huyo abaki hai.

Sumari hakushuka. "Aliye juu mngoje chini," tulitaniana kwa kunong'ona, na Bwana alingoja chini mpaka akaanza kuwapiga mateke mbwa wake. Ndipo siku moja akamwuliza mkalimani yale majani yana nini hata yamtie mtu wazimu. Mkalimani akauliza, akaelezwa, naye akaeleza. Bwana akacheka kwa furaha. Hata visiwani, alisema, kulikuwa na jani kama hilo! Watu wake walilivaa shingoni walipokuja kuomba msamaha.

Akawaita wazee, na mbele yao Mzee Lomayani, baba mkubwa wa Sumari. Bwana alisimama ameshika isale bichi, lililokatwa pale pale kaburini.

"Anasema amemsamehe," mkalimani alitangaza. "Sumari ashuke, awalipe ng'ombe ndugu wa nyapara, yaishe. Mpelekeeni hili."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Lomayani akamgeukia Nalepo, aliyekuwa ameitwa pia.

"Mama, wewe ndiye unayeijua njia."

"Na akitudanganya, baba?"

"Mtu hadanganyi kwa isale."

"Huyu si mtu wa isale, baba. Huyu ni mtu wa visiwa."

"Amelishika kwa mkono wake mbele yetu sote. Ukikataa kulibeba, wewe ndiye utakayekuwa umelivunja."

Nalepo alizaliwa upande wa Kisongo, kwa Waarusha, ambako mtu akinyoosha nyasi mbichi hapigwi. Aliujua uzito wa kitu kibichi mkononi. Akalibeba.

Huko msituni Sumari aliligeuza jani mkononi. "Ni la kaburi la baba," akasema. Nalepo akamwambia asishuke. Alimwambia waziwazi, huku analia na kumshika miguu: kimbilia Kilimanjaro, kimbilia Umasaini, mimi na watoto tutakufuata. Sumari akamwinua.

"Nikilikataa, laana itawapata watoto," akasema. "Twende, mke wangu."

Walimnyonga siku hiyo hiyo, kwenye mti wa mringaringa ulio kando ya barabara mpya. Alifika akiwa ameshika isale, akalinyoosha ili Bwana alipokee. Askari akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno yakamwagika. Wakamvuta juu. Alirusha miguu kwa muda, kisha akatulia. Bwana akaamuru asiteremshwe mpaka mifupa ianguke yenyewe, ili kila anayefagia amwone. Nalepo alifagia chini yake kila asubuhi. Mabuu yalipoanza kudondoka, alifagia mabuu.

Hatukumwona akilia tena. Kusema kweli, tulimwogopa. Kisha akawapeleka watoto kwa mama yake Kisongo na kurudi peke yake.

Asubuhi iliyofuata aliingia bomani na mzigo wa majani ya farasi kichwani, mundu umechomekwa ndani ya mzigo kama wanavyofanya wanawake wote. Wazee walikuwa wameketi uani wakingoja amri. Alishusha mzigo, akapiga magoti mbele ya Bwana Visiwani, akamnyooshea jani refu la kijani lililofungwa fundo katikati, jinsi inavyotakiwa. Alilinyoosha kwa mkono wa kushoto, na hata hilo Bwana hakuliona.

"Anaomba mwili wa mumewe akazike," mkalimani akasema.

Bwana akatabasamu, akawageukia wazee. Mnaona? Visiwani ilikuwa hivi hivi. Mwishowe wote huleta jani.

Mzee Lomayani alilitazama jani lile. Wazee wote walilitazama. Lilikuwa na vinyweleo, kingo zake zimejikunja, na mshipa mweupe umepita katikati. Lilikuwa jani la muhindi, limechumwa shambani njiani. Mtoto wa kwetu anayetambaa hawezi kulichanganya na isale. Jani la muhindi halimwahidi mtu kitu. Ng'ombe hulila, basi. Mzee Lomayani alifungua mdomo, akaufunga.

Bwana Visiwani akainama kulipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa mkalimani alikuwa amemfundisha adabu. Mundu ukachomoka kwenye majani ukamwingia chini ya sikio, Nalepo akauvuta kwake kama anayekata mgomba. Damu iliruka mpaka mapajani mwa wazee. Akakata tena, na tena, mpaka askari walipokumbuka kuwa wana bunduki. Risasi zilimwangusha juu ya majani aliyoyaleta. Bwana alikufa jani limebanwa vidoleni mwake.

Akaja Mjerumani mwingine, na askari wengi zaidi. Akachoma, akanyonga, na ng'ombe waliobaki akawachukua. Wazee aliwafunga juani uani mwa boma, akawachapa mmoja baada ya mwingine, akitaka kujua kwa nini walikaa kimya huku mwanamke anamwua Bwana wao kwa hila, tena baada ya kumpa jani la amani.

Mzee Lomayani, mgongo wake ukiwa nyama tupu, akainua kichwa.

"Hakufanya hila," akasema. "Lile lilikuwa jani la muhindi. Hamkutuuliza."