Inazima Mgeni Akifika

Mtanisamehe, mie nikianza kusema nazunguka. Mke wangu Haula husema nikitumwa chumvi narudi na habari za samaki. Lakini hii ya kompyuta nitajitahidi niende nayo moja kwa moja.

Kompyuta yenyewe aliileta Wahida, mjukuu wetu, kwa chapa, gari la abiria, kutoka mji wa Mocímboa. Kaipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Shule anayofundisha walikuwa wanaitupa, akaiomba. Sanduku jeusi, na kioo chake peke yake, kikubwa kama sinia la arusi. Ndani hamna ile Windows ya watu wote, kaitia kitu chaitwa Linux. Ukiiwasha anatokea ndege mnene, mgongo mweusi tumbo jeupe, kama bwana arusi wa kizungu. Nikampenda yule ndege, sikatai.

Na hatukuitaka kwa kuchezea. Tuliitaka kwa ajili ya Latifo.

Latifo mwanetu wa mwisho. Siku ile ya kukimbia, wenye bunduki walipouvamia mji, watu wote wa Palma mbio, wengine maporini, wengine baharini, yeye alikimbia na rafiki yake Fauzi, mtoto wa jirani yetu Mwanvua. Walitiwa jandoni pamoja hawa, shati la huyu ni shati la yule. Alinipigia simu mara moja tu. "Baba, tuko hapa kwenye..." Basi. Ikakatika hapo.

Miaka ikapita. Mwanvua akachoka kungoja, akamfanyia Fauzi wake hitima, tukala ubwabwa, tukaomba. Haula akakataa. "Sijaona kaburi, sijaona maiti, sipiki." Kila mwaka ananiambia hivyo hivyo.

Ndipo akaja huyu Edmilson. Nesi katika kampu moja ya waliokimbia, kule bara. Akampata Wahida kwa simu, kwa namba tuliyoiacha kwenye orodha ya waliopotea: kuna mtu hapa, kijana, kaumia kichwa, hasemi kitu. Akiulizwa jina, akiulizwa kwao, neno lake moja tu: Latifo.

Picha ikaja kwenye simu ya Wahida. Mie macho yangu yana mtoto wa jicho, ya Haula ndiyo usiseme. Tukaona ndevu na ukungu. Haula akasema, "Ni yeye." Mie nikasema inshallah. Ndiyo Wahida akaileta mashine ya kioo kikubwa, tumwone hasa, akiwa hai, akitikisika.

Siku ya kwanza Haula alifagia ua mpaka mchanga ukaisha. Mkeka mpya. Mwanvua akaja asubuhi na kitambaa alichokifuma kwa uzi wa manjano, kizito, kina maua. Akasema, "Wangu nishamwombea. Wako akitokea, mtandikie hiki." Haula akalia. Akaitandikia ile kompyuta, sanduku zima, mbele nyuma, ikawa imevaa kama biarusi. Chetezo cha ubani akakitia chini ya meza. Mgeni anakuja bwana, na mgeni mwenyewe mwana.

Mchana Edmilson akapiga. Kioo kikawaka. Tukamwona Edmilson, kijana wa miwani, nyuma yake mahema. Tukasalimiana, Wahida anatugeuzia Kireno chake. Kasema hivi na vile, mgonjwa ameoga, amekula. Kisha akasema haya, huyu hapa. Simu yake ikageuka, tukaona bega, tukaona sikio...

Tii. Giza.

Haula alipiga ukelele, majirani wakaja. Wahida akabonyeza, akabonyeza. Mashine ikawaka baadaye, mtandao wa kule umeshapotea.

Mara ya pili, hivyo hivyo. Wanazungumza vizuri, karibu uso utokee, tii. Mara ya tatu hata sikio hatukuliona.

Sasa hapo hofu ikaniingia, wallahi. Kwa sababu mashine ile kwa siku za kawaida haizimi! Wahida akikaa nayo peke yake inakwenda asubuhi mpaka alasiri. Inazima mgeni akifika. Nikajiuliza, ni nani hataki tumwone huyu mtu? Na ni mtu, au ni kitu kimevaa jina la mwanangu?

Nikamwendea mwalimu Shamte wa madrasa, aje aisomee. Akanitazama. "Mzee, mie nasomea watu. Mashine sijapata dawa yake. Lakini nitakuombea wewe, maana wewe ndiye unayetetemeka."

Wahida naye hakulala kazini. Alibadili waya wa enerjia, yaani umeme. Alifungua sanduku, akatoa vibao vyake, akavisugua miguu kwa kifutio cha shule, maana chumvi ya bahari ya hapa kwetu Palma inakula hata mlango. Akaipima kumbukumbu, ikatoka safi. Nikamwambia afadhali yake, yangu ungeikuta na matundu. Hata kucheka hakucheka.

"Njoo uone, Babu. Linux huandika kila inachofanya. Ikiumwa, inaandika naumwa hapa. Sasa ya siku ile tazama: imeandika, imeandika, kisha kimya. Neno la mwisho halikwisha hata herufi."

"Kama imekatwa inasema?"

"Hivyo hasa."

Nikaikumbuka ile simu ya Latifo. *Baba, tuko hapa kwenye...* Nikatoka nje, nikasimama uani, kuku wananitazama.

Edmilson akatuma habari: anahamishwa, kampu nyingine, mbali. Ijumaa baada ya swala ndiyo mara ya mwisho. Baada ya hapo hajui nani atamshika yule mtu mkono mpaka kule kilimani kwenye mtandao.

Ijumaa hiyo niliswali sijui nimesoma nini. Narudi, nakuta Wahida kaishughulisha mashine makusudi, kaifungulia filamu tatu kwa pamoja, tangu asubuhi, aone kama itazima. Haikuzima. Kwenye kona ya kioo kaweka namba za joto. "Sitini na kidogo, Babu. Haina neno. Sielewi, sielewi!" Karibu alie.

Akaingia Haula, kajitanda kanga mpya, chetezo mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine. Saa ya mgeni imekaribia. Akatandika. Akakisukuma chetezo chini ya meza. Moshi ukapanda, ukanyonywa nyuma ya sanduku, wote, kama mtu anavuta kiko.

Wahida kakodoa macho kwenye kona. "Sabini," anasema polepole. "Sabini na nane. Bibi... Bibi, wewe huitandikia lini kitambaa?"

"Mgeni akija. Wataka aone sanduku tupu, kama tumefiwa?"

"Themanini na tisa. Bibi kitoe! Kitoe, inaungua ndani!" Akakivuta kile kitambaa, akatoa chetezo mbio mpaka uani. Sanduku likawa linanguruma. Namba zikashuka, taratibu, kama homa ya mtoto.

"Haina jini," akasema, kakaa chini. "Inakosa pumzi. Ikizidi joto inajizima yenyewe, isife. Mie kila nikiipima nakitoa kitambaa, ndiyo maana inapona. Uso wa mtu unaotikisika kazi nzito, na nyie mmeivalisha blanketi na moto miguuni."

Ningecheka, siku nyingine. Nilimtazama Haula. Naye kakishika kitambaa kifuani, hacheki. Simu ya Edmilson ikaanza kuita kwenye kioo. Na Haula, wallahi nimeona kwa haya macho mabovu, akainyanyua mikono kukirudisha kitambaa juu ya sanduku.

"Haula."

"Kidogo tu, baba Latifo. Si leo."

Ndipo nikajua kwamba hata mie, kila ilipozima, palikuwa na mahali moyoni palipopumua. Mwana asiyeonekana hajafa. Nikamshika mikono. Imekuwa baridi kama samaki. "Kaa hapa," nikamwambia, "kaa nami."

Wahida akabonyeza. Edmilson, miwani, mahema. Simu ikageuka. Bega. Sikio. Uso.

Safari hii haikuzima. Kovu kubwa kutoka paji mpaka shavuni, ndevu, na macho yale niliyoyaona miaka yote yakichungulia jikoni kwetu kuulizia muhogo. Lakini hayakuwa ya mwanangu.

"Fauzi," akasema Haula.

Yule kijana alisikia jina lake akaisogelea simu. "Latifo," akasema. "Latifo, Latifo." Anatutazama sisi. Alikuwa hasemi jina lake masikini, alikuwa anatuita sisi, wazazi wa Latifo. Hilo ndilo neno alilolibeba kutoka huko.

"Latifo yuko wapi, mwanangu?" Haula akauliza, sauti ndogo sana.

Fauzi akainama. Akakusanya viganja, akavuta mchanga pale chini alipokaa, akaulundika. Akaupigapiga juu kwa upole, pande zote, kama mtu anavyoshindilia. Akauwekea jani. Kisha akatutazama tena.

Haula hakupiga ukelele. Ile mikono baridi ikalegea ndani ya mikono yangu. Halafu akajitanda kanga vizuri, akasema, "Mamake hajui. Mamake anatwanga pale nyuma ya ukuta, hajui." Akatoka, kitambaa cha manjano kinaburura mchangani, nikasikia anakwenda anaita, "Mwanvua! Mwanvua we!"

"Mwambie asiondoke," nikamwambia Wahida. "Mwambie Edmilson asikate, mama mwenyewe anakuja."

"Babu, namba zinapanda. Sanduku limebaki na joto la mwanzo."

Nikaenda jikoni nikachukua kipepeo cha kupulizia mkaa. Nikapiga magoti nyuma ya sanduku nikalipepea, kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote za uzee, na machozi yananitoka nikayaacha. Nimeogopa mengi mie. Sikupata kuogopa kama dakika zile. *Usizime*, nikalisihi, *usizime, ngoja*. Fauzi kwenye kioo bado anaupigapiga mchanga wa mwanangu. Wahida anasoma namba. Na mie napepea, masikio yangu yako nje, nasikiliza ndara za Mwanvua uani.