Tutarudi Jumatatu

Shiku alikuwa ameapa kutosema neno siku hiyo, lakini kabla teksi haijatoka langoni Kilimani alikuwa ameshayasema yote. Gari la kifahari la nini kwa watu wa umri wao? Shamba la Wangige mama yake ameliuza, haya, lilikuwa lake, aliachiwa na babake. Lakini si angejenga nyumba za kupangisha kama watu wenye akili zao?

"Akili ni nywele," Nyakio akamjibu kutoka kiti cha nyuma. "Kila mtu ana zake."

"Mum, aki sikugombezi. Lakini Dad hata hatajua ni gari gani. Na kesho atakuwa amesahau kila kitu."

"Basi ajue leo tu. Kesho niachie mimi."

Wahome, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumziwa, aliketi kando ya mkewe akichezea kifungo cha koti lake la kahawia. Koti lilikuwa la zamani sana, na siku hizi lilimpwaya mabegani. Alimgeukia Nyakio, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Asante, Sista, kwa kunisindikiza."

Sista! Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeingia nyumbani kwao polepole, ukaanza na vitu vidogo, miwani, njia ya kanisani. Kisha ukachukua majina ya wajukuu, ukachukua la Shiku mwenyewe, na mwishowe la Nyakio. Sasa mume wa ujana wake alimdhania nesi, tena nesi mgeni wa kuheshimiwa, akawa anamwomba ruhusa hata ya kwenda msalani. Afadhali angemtukana. Mtu akikutukana angalau anakujua. Usiku Nyakio alikuwa akilia ndani ya mto, asubuhi anajipaka poda, anaitikia hilo jina la Sista kama vile alibatizwa nalo.

Ndiyo maana ya gari. Shiku hakuelewa, na Nyakio hakuwa na hamu ya kumweleza mtoto mambo ya wazazi wake walipokuwa vijana. Alitaka kitu kimoja tu: Wahome aketi ndani ya gari lile walilolitamani, ajue ni lao, na ajue aliyeketi kando yake ni nani. Hata kwa dakika moja. Kwa dakika hiyo shamba la Wangige liende salama.

"Dereva, pitia Koinange kwanza," akasema.

"Mathe, si tunaenda Westi? Koinange ni kurudi nyuma."

"Rudi nyuma, nitakulipa."

Dereva akaguna, akakata kona kuelekea mjini.

Pale Koinange, miaka ile walipokuwa wapya katika ndoa na chumba chao kimoja Kangemi, palikuwa na duka la magari lenye vioo virefu. Wahome alikuwa karani wa bima, Nyakio mpiga taipu ghorofa ya juu yake. Jumamosi kazi iliisha mchana, na wenzao walipokwenda kunywa bia, wao walikwenda kununua magari. Usicheke. Mfukoni walikuwa na nauli na hela ya njugu, basi. Lakini Wahome alikuwa na koti la kahawia, alikuwa na viatu vilivyopigwa rangi hadi vikang'aa, na alikuwa na uso mkavu ambao ungemfaa waziri.

Mchezo ulikuwa na kanuni zake. Kabla ya kuvuka mlango Wahome alifunga vifungo vya koti. Alizunguka gari polepole mikono mgongoni, akainama kutazama gurudumu, kisha akauliza kama buti inaweza kubeba magunia mawili ya viazi, maana alisema mtu anayeuliza habari za viazi lazima ana shamba. Hapo akamgeukia mkewe: "Mimi sina neno. Mwenye kauli ni huyu." Kazi ya Nyakio ilikuwa kutafuta kasoro. Mteja asiyelalamika, Wahome alisema, anajulikana mara moja kuwa hana kitu. Basi Nyakio alilalamikia viti, au rangi, au mlio wa mlango. Halafu Wahome akamfinya mkono mara mbili, akatamka kwa sauti nzito: "Ni gari nzuri. Tutarudi Jumatatu."

Na kwa nini Jumatatu? Kwa sababu Jumamosi mchana benki zote zimefungwa, na hakuna wa kukudai hundi. Nyakio alipoelezwa hilo mara ya kwanza alijua ameolewa na mwanamume mwenye kichwa.

Muuzaji wao aliitwa Bwana Indravadan, mzee mwembamba aliyewaletea chai ya iliki katika vikombe vya kaure. Kila mara aliwapeleka kwenye gari lile lile la buluu, buluu ya wino, akawaruhusu kuketi. Kila mara aliwasindikiza hadi mlangoni na kuwaambia, "Karibuni Jumatatu, nitawawekea." Wao walitembea kwa heshima hadi pembeni ya barabara, wakakunja kona, kisha wakacheka hadi wakashikilia ukuta. Wakanunua njugu zilizofungwa kwa karatasi, wakala wakirudi nyumbani. Nyakio alikuja kuwa mama wa watoto watatu ndipo ikamjia ghafla, akiwa anaosha vyombo: Bwana Indravadan alijua. Jamani, Jumamosi baada ya Jumamosi, koti lile lile! Alijua kabisa, na bado akachemsha chai.

Jumatatu yenyewe haikufika. Ilikuja karo, ikaja nyumba ya Kilimani, likaja Toyota la mkono wa tatu, gari jema lisilo na makuu. Wahome alipopitwa barabarani na gari kubwa alimgusa Nyakio goti, akasema, "Jumatatu, mama." Basi ikawa ni utani wao.

Sasa teksi ilisimama Koinange. Vioo vilikuwepo bado, ila ndani waliuza simu.

"Unapaona, Wahome?" Nyakio akauliza. "Unapakumbuka hapa?"

Wahome akatazama kwa makini, kwa sababu alikuwa mtu wa kujitahidi. "Pana watu wengi," akasema.

Shiku akageuka dirishani ili mama yake asiuone uso wake. "Twende Westi," Nyakio akamwambia dereva.

Kituo cha kuchukulia gari kilikuwa ukipita Westlands, upande wa Spring Valley, nyuma ya miti mirefu. Hapo watengenezaji wa gari wenyewe ndipo wanapomkabidhi mteja gari lake, na si kukurushia ufunguo tu. Kwanza unazungushwa nalo kwenye barabara yao ya ndani, unaonyeshwa breki na kona, ndipo unapewa. Sakafu ya ukumbi iling'aa hata ukaogopa kuikanyaga. Binti aliyewapokea, Mehreen, aliwaamkia vizuri, Shikamoo Mzee, Shikamoo Mama, akawapeleka mbele ya kitu kilichofunikwa kitambaa cheusi.

"Tayari?" akauliza, akavuta kitambaa.

Buluu ya wino. Nyakio alikuwa amesisitiza hiyo, wakamsubirisha miezi. Hata Shiku, na maneno yake yote, alisema "Wah!" kabla hajajizuia.

Wahome alilitazama gari kama mtu anavyotazama ng'ombe wa jirani.

Nyakio akajipiga moyo konde. Akamwingiza kiti cha mbele, akamfunga mkanda, yeye mwenyewe akashika usukani, Mehreen akaketi nyuma na kumwelekeza, Shiku akabaki ukumbini. Waliizunguka ile barabara. Gari lilikwenda kimya kabisa, ngozi ya viti ilinukia upya, na Nyakio alizungumza mfululizo kama mtu aliyepagawa. Unaona, Wahome? Ni la buluu. Ni letu. Unamkumbuka Bwana Indravadan? Unakumbuka chai? Unakumbuka viazi?

Walipokata kona ya mwisho Wahome aliweka mkono wake juu ya mkono wa Nyakio. Nyakio akapunguza mwendo.

"Sista," akasema kwa upole, "nimechoka. Unaweza kunirudisha nyumbani? Mke wangu atakuwa na wasiwasi."

Lo! Nyakio hakujua jinsi alivyolifikisha gari ukumbini. Alizima injini, akaketi mikono magotini. Shamba la babake limekwenda, na Shiku alikuwa amesema kweli, na hapakuwa na wa kumlaumu ila yeye. Shiku mwenyewe alikuja akamfungulia mlango. Akamsaidia babake kushuka.

Mehreen, maskini, hakujua kilichokuwa kikiendelea. Alileta sinia yenye vikombe vya chai na ufunguo juu ya kitambaa cheupe, kama ulivyo utaratibu wao, akamwelekea Wahome kwa tabasamu.

"Haya Mzee, umeionaje gari?"

Kisha mkono wa Wahome ukapanda kifuani. Akafunga kifungo cha juu, akafunga cha chini.

Akaweka mikono mgongoni. Akaanza kulizunguka gari, polepole, uso mkavu kabisa. Akainama akatazama gurudumu. Nyakio akashuka, akasimama kando ya mlango akimtazama.

"Binti," Wahome akasema, na sauti ilikuwa ile nzito ya zamani, "buti ya hii gari itabeba magunia mawili ya viazi?"

Mehreen akapepesa macho. "Ya... viazi? Itabeba, Mzee."

"Dad," Shiku akaanza, "gari ni ya—"

Nyakio alimfinya Shiku, mtu mzima yule, kama alivyomfinya kanisani akiwa na miaka sita.

"Vizuri," Wahome akasema. "Mimi sina neno. Mwenye kauli ni huyu." Akamgeukia Nyakio, akamtazama. Alimtazama yeye, si nesi, na kwenye kona ya jicho kulikuwa na ule ujanja ambao Nyakio alidhani umezikwa.

Viti vile Nyakio alivichagua mwenyewe, akabishana na watu kuhusu rangi.

"Viti," akasema. "Hivi viti sijavipenda hata kidogo."

Wahome akatikisa kichwa kwa huzuni, kama kusema, mnaona wanawake. Akaja kando ya mkewe, akamshika mkono. Akaufinya. Akaufinya tena.

"Ni gari nzuri," akamwambia Mehreen. "Tutarudi Jumatatu."

Mehreen aliutazama ufunguo kwenye sinia. "Lakini Mzee, gari mmesha—"

Neno lilikuwa mdomoni mwa Nyakio. Ni letu, Wahome. Tumefika Jumatatu, ingia. Si ndilo alilouzia shamba? Lakini aliutazama uso wa mumewe, uso wa kijana wa Kangemi anayengoja kutoka nje acheke, akajua kwamba akilitamka hilo neno kijana atapotea, na huenda asirudi tena. Akalimeza.

"Jumatatu," akamwambia Mehreen, na kumkazia macho. "Tafadhali, binti yangu."

Binti alimtazama yeye, akamtazama mzee. Taratibu akaufunika ufunguo kwa kile kitambaa cheupe.

"Karibuni Jumatatu," akasema. "Nitawawekea."

Wakatoka. Walitembea kwa heshima, mkono kwa mkono, wakapita lango, wakapita mlinzi aliyewapigia saluti, wakafika barabara kuu, wakakunja kona. Hapo Wahome akaegemea ukuta wa mawe, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Umeona alivyoamini?"

"Nimeona."

"Na wewe na viti vyako! Huna huruma."

Nyakio alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na hakujali poda. Shiku alikuwa amewafuata mbio, viatu mkononi. "Mum, sasa gari? Tunaiacha tu hapo?"

"Kwani hukusikia?" Nyakio akamwambia. "Jumatatu."

Palikuwa na mama anauza njugu kando ya barabara. Wahome akajipapasa mifuko ya koti, mmoja baada ya mwingine, na yote ilikuwa mitupu, kama kawaida yake. Nyakio akalipa. Wahome akafungua karatasi, akammiminia mkewe kwanza, kiganjani.

"Usijali, Nyakio," akasema. "Iko siku nitakununulia ile ya buluu."

Nyakio. Alisimama pale barabarani, magari yakipiga honi, njugu mkononi, akalisikia jina lake hadi likaisha masikioni.

"Sina haraka, Wahome," akasema. "Bora tu tuwe tunakuja kuiona."