Humu Hatuchezi

Ukutani mwa gereji, juu ya meza ya vifaa, mjomba alikuwa ameandika kwa herufi kubwa nyeusi: HUMU HATUCHEZI. Aliyaandika maneno hayo mwaka aliofungua gereji, na tangu hapo aliyaamini kuliko cheti chake cha ufundi. Bawaba ya mlango ikicheza, anakaza. Kiti cha wateja kikicheza, anakaza. Mpwa wake aliwahi kusema kwamba siku jino la mjomba litakapocheza, daktari atalikuta limeshapigwa boliti.

Mpwa huyo ndiye aliyekuwa matatani asubuhi hiyo. Mafundi wenzake walimwita Bi Kucha, kwa sababu kila nati aliyomaliza kuikaza aliichora mstari wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilichoshikana nayo. Mstari ukikatika, ujue nati imezunguka. Walimcheka, wakamuuliza injini inaolewa lini. Hakuacha.

Kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa amerudisha gari lake, la kizamani lakini lililopachikwa turbo kubwa kuliko umri wake unavyoruhusu. Wiki mbili nyuma Bi Kucha, kwa mara ya kwanza bila kusimamiwa, alikuwa amelifungia klachi ya mbio: pleti ngumu, springi nzito, pedali ya kukomaza paja. Sasa kinyozi alikuwa akieleza kwa mikono miwili, kama anayemnyoa mtu asiyeonekana. Asubuhi gari linavuta vizuri tu. Likishatembea nusu saa, ukikanyaga mafuta, injini inapiga kelele na gari linabaki kutafakari.

Mjomba alipiga magoti, akanusa chini ya giaboksi, akakutana na harufu ya pleti iliyoungua. Hukumu ikatoka hapo hapo. Klachi imefungwa vibaya. Giaboksi ishushwe, afunge fundi mwenye mkono, na mpwa arudi mezani kupokea simu, alikokaa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa spana.

"Mwanangu," alisema, mbele ya mteja, "si kila anayeshika spana ni fundi."

"Na si kila anayenusa ni daktari, Mjomba."

Kinyozi akageuka kutazama tairi, ghafla akaliona zuri mno.

Bi Kucha akaeleza kwamba hana ugomvi na harufu. Pleti inateleza, sawa. Swali ni kwa nini inasubiri joto ndipo iteleze. Aliomba walipeleke gari barabarani mpaka lichoke, walipime likiwa na ugonjwa wake, si likiwa limetoka kulala. Mjomba akakataa, akamwita fundi alete jeki ya giaboksi. Jeki ikaja. Bi Kucha akaikalia.

"Ukitaka kuishusha giaboksi," akasema, "anza kunishusha mimi."

Kumburuta mtoto wa dada yako mbele ya mteja si jambo la kusimuliwa vizuri. Mjomba akampa nusu saa. Akishindwa, ni simu mpaka azeeke, na neno spana asilitamke tena. Bi Kucha akajibu kwamba akishindwa ataisalimia simu mwenyewe.

Wakatoka watatu, Bi Kucha kwenye usukani, mjomba pembeni yake, kinyozi nyuma. Bi Kucha alichagua makusudi barabara yenye foleni: simama, ondoka, simama, ondoka, mguu wa kushoto ukifanya kazi ya punda. Dakika ya ishirini na tano njia ikafunguka. Akaweka gia ya nne, akakanyaga mafuta. Mshale wa injini ukaruka juu. Mshale wa mwendo haukuwa na habari.

"Si nilisema?" mjomba akasema, kwa raha ya mtu aliyeshinda.

Bi Kucha akaegesha pembeni, akazima injini, akaweka mawe nyuma ya matairi, akatandika boksi na kuingia chini. Huko, ubavuni mwa giaboksi, kuna silinda ndogo inayoisukuma klachi kwa mafuta ya breki, na silinda hiyo ina nati ya kutolea hewa. Kabla ya kuigusa, aliwaamuru wote wawili wasimame nje, mahali atakapoiona miguu yao. Viatu vinne vikajipanga. Akailegeza nati robo mzunguko.

Mafuta yakaruka kama mate ya mtu mwenye hasira, yakampata shavuni.

"Sasa mniambie," sauti ikatoka chini ya gari, "nani amekanyaga pedali?"

Viatu vikageukiana.

Akafunga nati, akafuta shavu, wakarudi barabarani. Gia ile ile, mguu ule ule. Safari hii gari liliruka mbele hata kinyozi akapiga kisogo kwenye kiti, akashukuru. Pleti ilikuwa hai. Iliungua kidogo, lakini hai. Kilichoizuia kuuma ni mafuta yaliyonaswa kwenye bomba: yakipata joto yanavimba, yanakosa pa kurudi, yanaisukuma klachi kama vile kuna mguu umesahauliwa juu ya pedali.

Na mafuta hukosa pa kurudi kwa sababu moja ambayo Bi Kucha alitaka kuiona kwa macho. Gerejini, akaingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Kwenye fimbo ya pedali, mstari wake mwekundu ulikuwa umekatika, nusu kwenye nati, nusu kwenye fimbo, zimepeana mgongo kama mawifi. Kinyozi akaapa kwamba hata boneti yake hufunguliwa na mtu mwingine.

Mjomba akakohoa. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Ilikuwa inacheza," akasema. Jioni moja kabla gari halijachukuliwa, alikaa kwenye usukani, mguu wake ukakuta pedali ina nafasi, unene wa sarafu mbili. Akakaza.

"Niliiacha icheze," Bi Kucha akasema. "Isipocheza, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, klachi haipumui. Ukikuta mstari wangu, Mjomba, uliza kabla ya kuukata."

"Unanifundisha gerejini kwangu?"

"Ndiyo, Mjomba. Shikamoo."

Salamu haiachwi hewani. Mjomba akasema marahaba.

Bi Kucha akairudisha nafasi ya sarafu mbili, akachora mstari mpya. Kisha, kichupa cha rangi kikiwa bado mkononi, akapanda juu ya meza ya vifaa, na chini ya HUMU HATUCHEZI akaandika kwa nyekundu: ILA PEDALI YA KLACHI.

Simu ikaanza kuita mezani. Ikaita mara tatu, mara nne. Bi Kucha alikuwa ameshuka na kurudi chini ya dashibodi, miguu nje, hana haraka. Mjomba akautazama ukuta, akalitazama dumu la thina ya kufutia rangi lililokuwa hatua mbili tu kutoka alipo. Akalipita, akaenda kuinua simu.

"Fundi ana kazi," akasema. "Nieleze mimi."